Mwanao anaogopa namba kubwa? Kaeni chini na hii: 61,741,120

Safu hii imezoea kuzungumzia homa, lishe na chanjo. Wiki hii tunazungumzia namba, na sababu yake ni ya kiafya.

Mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliniandikia kuhusu binti yake wa darasa la sita. Kila siku yenye kipindi cha Hisabati asubuhi, binti anaamka analalamika tumbo. Amepelekwa zahanati, amepimwa malaria na minyoo, hakuonekana na kitu. Jumamosi tumbo haliumi. Alipoulizwa taratibu, alisema zile namba ndefu zenye mikato mingi zinamtisha. Akiziona ubaoni kichwa kinakuwa kitupu. Mama akamalizia ujumbe kwa sentensi ambayo wazazi wengi huisema: "Wala simlaumu, maana hata mimi hesabu zilinishinda."

Kwanza niseme la hospitali. Maumivu ya tumbo yanayojirudia yasipuuzwe. Kama yanakuja na homa, kutapika, kinyesi chenye damu, kupungua uzito, au yanamwamsha mtoto usingizini, mrudishe kituo cha afya hata kama alishapimwa. Lakini kama vipimo viko sawa na maumivu yanafuata ratiba ya shule, jueni kwamba hofu nayo huumiza tumbo. Mtoto hadanganyi. Mwili unapojiandaa kwa hatari moyo hwenda mbio, viganja hutoa jasho na tumbo hukaza, hata kama hatari yenyewe ni hesabu iliyoandikwa ubaoni.

Hofu hiyo inakula pia ile nafasi ya akilini ambayo mtoto anaihitaji ili kushika hatua za hesabu. Ndiyo maana mtoto anayejua jibu akiwa nyumbani hulikosa akiwa mbele ya darasa.

HOFU INAVYORITHISHWA

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha utafiti uliofuatilia watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Waligundua kwamba watoto wa wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi kwa mwaka ule, na wakawa na hofu zaidi, ikiwa wazazi hao waliwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Pale ambapo mzazi mwenye hofu hakuwa akisaidia mara nyingi, tatizo hilo halikuonekana.

Mtu anaweza kusoma hapo akaamua kuliacha daftari la mtoto. Asifanye hivyo. Mwaka huohuo kundi hilohilo la watafiti lilichapisha utafiti mwingine. Familia zilipewa visa vifupi vya hesabu vya kusoma pamoja jioni, bila alama wala mtihani. Watoto walioonyesha nafuu kubwa ni wale ambao wazazi wao ndio walioogopa hesabu. Kwa hiyo kukaa na mtoto si kosa. Kinachomdhuru ni kumkalia kwa wasiwasi, kumharakisha, na kumwambia kwamba hata wewe zilikushinda. Sentensi hiyo tunaisema kwa huruma, lakini mtoto anaisikia kama hukumu ya ukoo.

Basi leo nakupa namba moja kubwa ya kukaa nayo jioni. Si ya kwenye kitabu cha shule. Ni yetu sote.

NAMBA AMBAYO MWANAO YUMO

Tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo: tulikuwa watu 61,741,120.

Mwandikie mtoto namba hiyo kwenye karatasi, kubwa, kisha isomeni pamoja: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Mwambie: kama ulikuwa umeshazaliwa siku ile na nyumba yetu ilihesabiwa, wewe ni 1 kati ya hizi. Namba ambayo mtu yumo ndani yake haitishi kama ile iliyoshuka tu ubaoni.

Sasa iulizeni maswali. Hiyo ndiyo siri ambayo walimu wazuri wa Hisabati wanaijua: namba kubwa haihitaji kumezwa nzima. Inaulizwa, na hujibu kwa tarakimu zake.

Je, inagawanyika kwa 2? Tazama mwisho: 0. Ndiyo. Kwa 5 na kwa 10? Mwisho ni 0, ndiyo. Kwa 4? Tazama tarakimu mbili za mwisho, 20, inagawanyika, ndiyo. Kwa 8? Tazama tatu za mwisho, 120, ambayo ni 8 mara 15, ndiyo. Hapo mtoto amejibu maswali matano kuhusu mamilioni ya watu, na hajagawanya chochote kirefu.

Kwa 3 na kwa 9? Jumlisha tarakimu zote: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9, basi na namba yote haigawanyiki. Ukijumlisha tena, 2+2 = 4, umepata baki: ukiwapanga Watanzania wote wa sensa katika makundi ya watu tisatisa, wangebaki watu 4.

Mtoto akiuliza kwa nini, usimwambie ndivyo ilivyo. Chukua maharage. Hesabuni punje 10, mfunge fungu la 9, imebaki 1. Kwa 100, mafungu ya 9 yatachukua 99, imebaki 1. Kwa 1,000 yatachukua 999, imebaki 1. Kila kumi, kila mia, kila elfu huacha punje moja. Kwa hiyo 700 huacha 7, na 40 huacha 4. Ndiyo maana unajumlisha tarakimu: unakusanya mabaki. Punje 100 zinatosha kabisa kwa somo hili, na jioni zinarudi chunguni.

Kwa 7 ndipo watu wengi husema hakuna njia. Ipo. Tumia mikato ileile inayomtisha mtoto. Namba yetu ina mafungu matatu: 61, 741 na 120. Jumlisha la kwanza na la tatu: 61+120 = 181. Toa kwenye la katikati: 741–181 = 560. Mia tano sitini ni 7 mara 80. Basi 61,741,120 inagawanyika kwa 7, na kila sehemu ni watu 8,820,160. Njia hii inafanya kazi kwa sababu 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Mikato iliyokuwa inatisha sasa imekuwa msaada.

KUIPASUA HADI MWISHO

Watoto hupenda kujua kitu kimetengenezwa na nini. Namba nayo inapasuka, na unapasua mpaka unafika kwenye namba tasa, yaani zile ambazo hazigawanyiki kwa chochote ila 1 na zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea.

Toeni 10 kwanza: inabaki 6,174,112. Gawanyeni kwa 2 mara tano mfululizo: 3,087,056; 1,543,528; 771,764; 385,882; 192,941. Hapa imekuwa witiri, 2 haiingii tena. Gawanyeni kwa 7: 27,563. Sasa kazi inakuwa ngumu. Mtajaribu 7 tena, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zitakataa. Halafu mtajaribu 43, na itaingia: 43 mara 641. Na 641 ni tasa. Jaribuni namba tasa zote hadi 23, hakuna inayoingia, na hakuna haja ya kuendelea kwa sababu inayofuata, 29, ikizidishwa kwa yenyewe inapita 641.

Basi sisi wote wa mwaka 2022 ni 2 mara sita ikizidishwa kwa yenyewe, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Zidisheni muone kama inarudi.

Hiyo 641 ina historia. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyeheshimika sana kwa hesabu, aliamini kwamba namba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba si tasa: inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Mwambie mwanao hilo. Mtu mkubwa alisema jambo kuhusu namba, na likakaa karibu miaka mia, mpaka mwingine alipokaa chini akaiuliza namba yenyewe.

Na asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Ukitoka Kyerwa ukavuka Uganda kuelekea magharibi unafika Ziwa Edward. Upande wa Kongo wa ziwa hilo, mahali panapoitwa Ishango, mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Safu moja ya mafungu hayo inasomeka 11, 13, 17 na 19, yaani namba zote tasa zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana kama mchongaji alizijua kuwa tasa au ilitokea tu. Lakini hawabishani kwamba hapa kwetu, kwenye maziwa haya, watu walikuwa wakiweka alama kwa mafungu tangu zamani sana.

Kabla hamjakunja karatasi, fanyeni jambo moja. Mtoeni mtu mmoja. Inakuwa 61,741,119. Haigawanyiki tena kwa 2, wala kwa 5, wala kwa 7. Lakini jumlisha tarakimu: 30. Sasa inagawanyika kwa 3. Namba mbili zinazofuatana hazichangii kigawo chochote isipokuwa 1. Mtu mmoja akikosekana, namba yote inabadilika tabia. Mtoto anayejiona si kitu darasani anahitaji kulisikia hilo.

MCHEZO WA TARAKIMU NNE

Kwa watoto wadogo zaidi, chukueni tarakimu nne za mwanzo za sensa yetu: 6174. Namba hii inajulikana duniani kote, na aliyeifanya ijulikane ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali, India, aliyeitangaza mwaka 1949.

Mchezo uko hivi. Chagua tarakimu nne, zisiwe zote sawa. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuanzia ndogo hadi kubwa, halafu toa. Rudia kwa jibu unalopata. Tujaribu mwaka wa sensa, 2022. Kubwa: 2220. Ndogo: 0222. Toa: 1998. Tena: 9981–1899 = 8082. Tena: 8820–0288 = 8532. Tena: 8532–2358 = 6174. Ukiendelea, 7641–1467 inarudi 6174 ileile. Anza na mwaka wa kuzaliwa wa bibi, anza na namba yoyote. Hutapita hatua saba kabla ya kufika hapo.

Sensa yetu kuanza na 6174 ni sadfa tu. Haina ishara wala bahati ndani yake, na asitokee mtu akaiweka kwenye mkeka wa kubeti. Ni nzuri kwa sababu inamfanya mtoto afanye kutoa kwa kukopa hadi mara saba mfululizo bila kulalamika.

TARAKIMU ZINAPOLINDA MFUKO

Ile hesabu ya mabaki ya 9 si mchezo peke yake. Inakagua. Sensa ilitupa wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Jumlisha tarakimu za wanawake: 43, inakuwa 7. Za wanaume: 15, inakuwa 6. Saba na sita ni 13, inakuwa 4. Na jumla ya wote tulishaona inabakiza 4. Imelingana. Fanyeni na Tanzania Bara, watu 59,851,347, na Zanzibar, watu 1,889,773: mtapata 6 na 7, na jibu ni 4 vilevile.

Sasa tuipeleke kwenye kahawa. Tuseme mmepeleka kilo 386, bei ni shilingi 4,750 kwa kilo, na karatasi inasema 1,833,500. Kilo: 3+8+6 = 17, inakuwa 8. Bei: 4+7+5+0 = 16, inakuwa 7. Kwa kuwa ni kuzidisha, zidisha: 8 mara 7 ni 56, inakuwa 11, inakuwa 2. Malipo: 1+8+3+3+5+0+0 = 20, inakuwa 2. Sawa. Kama karatasi ingesema 1,823,500, tarakimu zingetoa 19, inakuwa 10, inakuwa 1. Si sawa, muombe karani arudie. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya akiwa amesimama pembeni ya mzani, bila kalamu.

Lakini ukaguzi huu una udhaifu, na ni lazima mtoto aujue. Ukibadilishana tarakimu mbili nafasi, jumla haibadiliki. Mtu akiandika 61,471,120 badala ya 61,741,120, amewapunguza Watanzania 270,000, na bado tarakimu zinatoa 22. Kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani ni kosa ambalo mikono ya binadamu hulifanya sana.

Waliotengeneza namba ndefu za vifaa walilijua hilo. Ndiyo maana simu unayosomea safu hii ina mlinzi ndani yake. Bonyeza *#06# utaona namba yenye tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Tarakimu ya 15 haikupangwa ovyo. Inapatikana kwa hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeombea hataza mwaka 1954.

Tuchukue namba ya mfano, 490154203237518. Kuanzia kushoto, kila tarakimu ya pili izidishe kwa 2. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Tunapata: 4, 9, 0, 2, 5, 8, 2, 0, 3, 4, 3, 5, 5, 2, na ya mwisho 8. Jumla ni 60. Jumla ikiishia na 0, namba imeandikwa sawa. Sasa geuza 1 na 5 zilizo nafasi ya nne na ya tano: jumla inakuwa 55. Mlinzi amepiga kelele. Hesabu hii hunasa kosa lolote la tarakimu moja, na hunasa mgeuzo wa tarakimu jirani isipokuwa 0 na 9.

Wengi wanakumbuka usiku wa 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Namba iliyokaguliwa wakati ule ni hii. Jaribuni na simu yenu, lakini msiirushe namba hiyo kwenye makundi ya WhatsApp. Na mjue kwamba namba kupita hesabu hii kunaonyesha tu haikukosewa kuandikwa. Hakuthibitishi kwamba simu ni halali.

PALE AMBAPO MLINZI NI WEWE

Hapa ndipo namba inaporudi hospitali. IMEI ina mlinzi. Namba ya simu ya kutumia fedha haina. Ukikosea tarakimu moja, fedha inaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa, na kinachokuokoa ni kusoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kadi ya kliniki ya mtoto nayo haina.

Chukua uzito. Mwezi uliopita mtoto alikuwa kilo 8.5. Leo kadi inasema 6.8. Huenda mzani ulisoma 8.6 na tarakimu zikageuzwa wakati wa kuandika. Huenda pia mtoto amepungua kweli. Ama namba imekosewa, ama mtoto anaumwa. Yote mawili yanahitaji swali siku hiyohiyo, kabla hamjatoka kliniki. Muulize muuguzi kwa adabu: "Naomba tumpime tena, mwezi uliopita alikuwa nane na nusu." Hakuna muuguzi mzuri atakayekasirika.

Chukua dawa. Kwetu Kagera malaria haijaisha, na dawa ya mseto, ALu, hutolewa kwa uzito. Kwa vile vidonge vya kawaida, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi; wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa vidonge 2. Dozi ni 6 kwa siku 3. Mtoto wa kilo 12 akiandikwa 21, atapewa mara mbili ya anachohitaji. Wa kilo 21 akiandikwa 12, atapewa nusu, na malaria inaweza kurudi. Jumla ya tarakimu ni 3 kwa zote mbili. Hakuna hesabu ya mabaki itakayokuonya. Anayeweza kuonya ni mtu anayemjua mtoto, aliyezoea kuitazama namba na kujiuliza kama inaingia akilini. Ukiona shaka, usibadilishe dozi mwenyewe. Rudi kwa mtoa huduma uulize.

Ndiyo maana hofu ya namba ni suala la afya. Mtoto aliyefundishwa kuogopa namba hukua akiwa mtu mzima anayepokea kadi, risiti na maelekezo ya dawa bila kuyatazama mara mbili. Aliyezoea kuiuliza namba atauliza na hapo.

LA KUFANYA WIKI HII

Tengeni dakika 15, jioni mbili au tatu, mtoto akiwa ameshakula. Kama hesabu zinakupa wasiwasi, mwache yeye awe mwalimu; wewe shika maharage. Msishindane na saa. Akikosea, usimwambie amekosea. Mwambie akague kwa 9.

Sentensi ya "hata mimi zilinishinda" iwekeni kando. Badala yake sema: "Hii siijui, tuiulize." Ni ya kweli, na haimrithishi mtoto hofu.

Mkimaliza ya taifa, chukueni ya nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,989,299 mkoani Kagera. Je, inagawanyika kwa 2? Kwa 3? Kwa 9? Kwa 7? Jibuni kabla hamjasoma mstari unaofuata.

Kwa 2 hapana, inaishia na 9. Kwa 3 ndiyo, tarakimu zinatoa 48. Kwa 9 hapana, zinabaki 3. Kwa 7: 299 na 2 ni 301, 989 toa 301 ni 688, 7 mara 98 ni 686, zinabaki 2, basi hapana.

Na kama tumbo la mtoto bado linauma siku za Hisabati baada ya wiki kadhaa, nenda shuleni ukazungumze na mwalimu wake bila kumshitaki mtu. Mweleze unachokiona nyumbani, na muulize yeye anaona nini darasani.